Umeweka Kadi ya Grafiki, Mashine Imegoma: Chunguza Kasha Kabla Hujalaumu Kadi

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu Dodoma zilianza maisha ofisini. Zikishamaliza zamu yao huko, huishia madukani na kwa mafundi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu. Mwanafunzi wa UDOM au kijana anayehariri video za harusi kule Nkuhungu akiipata moja yenye prosesa ya i5 na RAM ya GB 8, kinachobaki kumkosesha usingizi ni kadi ya grafiki tu.

Shida ni kwamba aliyeziunda alikuwa anamfikiria karani mwenye majedwali na barua. Pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, ilipimwa kwa kazi hiyo, nafasi ya ndani ikabanwa kwa kazi hiyo, na BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo kadi nzima kabisa, iliyokuwa ikipiga kazi kwenye mashine nyingine, inaweza kuingia humo ikaleta vituko. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako kabla hujaenda kununua kadi ya pili.

Kabla hujashika kitu

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Halafu gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kadi, na uendelee kukigusa kila unaporudi kutoka kutembea. Usilidharau hili. Kiangazi cha hapa hewa hukauka mpaka midomo inapasuka, na ndiyo hewa inayofanya mwili ubebe umeme tuli, hasa ukiwa na sweta au umesimama juu ya zulia la nailoni. Cheche usiyoihisi inatosha kuharibu chipu.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hii ndiyo inayowapeleka wengi kwa fundi, na sababu yake ya kwanza inaudhi kwa urahisi wake.

"Habari za kazi, fundi. Mashine inawaka ila haileti kitu."

"Nzuri, kaka. Waya wa skrini umechomeka wapi?"

"Palepale pa siku zote."

Palepale pa siku zote ni kwenye madabodi, bodi kuu ya mashine. Mashine nyingi za ofisini zikishatambua kadi mpya huzima njia ya picha ya ndani zenyewe, hivyo tundu la zamani halitoi chochote. Waya unatakiwa uhamie kwenye matundu ya kadi, chini kidogo nyuma ya kasha.

Hapo ndipo wengi wanakutana na kikwazo kingine: skrini yao ina VGA peke yake, lile tundu la picha la kizamani, kadi haina. Kadi za NVIDIA kuanzia familia ya GTX 10 hazitoi kabisa ishara ya VGA, kwa hiyo kile kiplagi cha bei chee cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitasaidia hata ukikibadilisha mara ngapi. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, cha kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Ukiweza, azima skrini yenye HDMI kwa jioni moja. Utakuwa umeondoa shaka nzima kwa mkupuo.

Waya ukiwa mahali pake na bado giza, toa kadi uirudishe. Kadi ikikaa sawasawa, kile kishikizo cha mwisho wa sloti, ule mfereji wa kadi kwenye madabodi, hujifunga chenyewe na unasikia kimelia. Katika makasha ya ofisini, bati la nyuma la kadi mara nyingi hugota kwenye ukingo wa kasha na kuinua upande mmoja kwa milimita moja au mbili. Kwa macho inaonekana imeingia, kumbe pini za mbele zinaelea. Angalia pia kama kadi ina soketi ya umeme juu yake ambayo umeiacha wazi.

Halafu kuna BIOS, na hapa inabidi twende polepole.

Kadi mpya na madabodi ya zamani hazizungumzi kila mara. Mashine za mwaka 2011 au 2012 zilitoka wakati watengenezaji wanahama kutoka BIOS ya kale kwenda UEFI, mrithi wake, na baadhi yake hazikubali kadi za miaka ya karibuni mpaka zisasishwe. Kinyume chake nacho kipo: ukichukua kadi kongwe ukaiweka kwenye mashine mpya yenye Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwakia, mashine inaweza kukataa kuonyesha picha kwa sababu kadi haina programu ya kuwakia ya UEFI. Namna ya kujua ni kuchomoa kadi, kuwasha kwa picha ya ndani, na kuingia kwenye mipangilio: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Tazama tarehe ya BIOS, kisha linganisha na toleo la mwisho kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya mashine yako.

Ukiamua kusasisha, mashine iwe kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, madabodi inaweza isiwake tena. Kama huna UPS, azima au acha kabisa.

Onyo jingine: usibadilishe mtindo wa kuwaka kutoka Legacy, yaani ule wa BIOS ya kale, kwenda UEFI halafu ukashangaa Windows imepotea. Iliwekwa kwa mtindo wa zamani, na haitawaka kwa mpya mpaka mpangilio wa diski ugeuzwe kutoka MBR kwenda GPT. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 inayo programu ya MBR2GPT kwa kazi hiyo. Nakili mafaili yako kwanza.

Inalia au inapepesa taa

Shukuru Mungu, maana mashine inakuambia yenyewe. Kwa HP za kizazi cha Compaq 8200 na 8300, taa nyekundu ikipepesa mara sita na mlio mara sita, lalamiko ni la grafiki: kadi haijakaa vizuri au haikubaliki. Mara tano ni RAM, huenda umeigusa wakati unafunga kadi. Mara nne ni pawasaplai imezidiwa. Kwa Dell, taa ya kitufe ikibaki rangi ya chungwa badala ya nyeupe au bluu, mashine haijavuka ukaguzi wake wa kwanza. Pakua mwongozo wa modeli yako, kwa sababu maana ya mipepeso hubadilika kati ya kizazi na kizazi.

Inazima ghafla gemu ikianza

Mashine inawaka, Windows inakuja, YouTube inacheza saa nzima. Ukifungua gemu, au ukianza kutoa video iliyohaririwa, tap! Inazima kama vile umechomoa waya, au inajiwasha upya. Mashine za namna hii ukizifungua, mara nyingi jibu liko kwenye pawasaplai. Wauzaji wengi wa kadi hawakuulizi habari zake, na ndilo swali la kwanza ambalo wangepaswa kuuliza.

Tuanze na namba. Sloti ya kadi hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Plagi ya pini sita huongeza 75, ya pini nane huongeza 150. OptiPlex 7010 ya kasha jembamba ina pawasaplai ya wati 240, ya kasha refu 275. OptiPlex 9020 ni 255 kwa jembamba na 290 kwa refu. EliteDesk 800 G1 jembamba ni 240, refu ni 320. Na hizo pawasaplai kwa kawaida hazina hata waya wa pini sita, jambo ambalo lenyewe linakueleza mtengenezaji alikuwa anawaza nini.

Namba kubwa kwenye kibandiko isikudanganye. Kadi na prosesa hula kutoka kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo soma ampea za laini hiyo kwenye kibandiko uzidishe kwa 12. Tuseme imeandikwa ampea 17: ni wati 204. Toa prosesa ya i5-4590, wati 84. Toa kadi ya wati 75, kama GTX 1050 Ti. Zinabaki 45 kwa feni, diski na vinginevyo. Inapita, japo kwa kujibana. Sasa weka GTX 1660 Super ya wati 125 kwenye hesabu hiyo hiyo na umeshaingia kwenye deni kabla diski haijazunguka. RX 580 yenye wati 185 usiijadili.

Mtu akikuuzia waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa pini sita, mrudishie. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi inaruhusiwa kudai 75 kupitia pini sita. Plastiki ya plagi huanza kulainika, halafu unanusa harufu. Wapo watakaosema wametumia mwaka mzima bila tatizo. Huenda kadi yao haivuti kiasi hicho.

Kubadilisha pawasaplai nako kuna mtego wake. OptiPlex za kizazi cha 9020 zina plagi ya pini nane kwenye madabodi badala ya 24 za kawaida, na HP na Lenovo nyingi zina plagi zao wenyewe. Ukileta pawasaplai ya kawaida bila waya wa kugeuza unaolingana na modeli, haiingii. Kwenye makasha membamba haitoshi hata kimwili. Kwa maoni yangu, mwenye kasha jembamba aachane na habari za pawasaplai kubwa, atafute kadi isiyo na soketi ya umeme. GT 1030 hula wati 30, RX 6400 wati 53, GTX 1650 wati 75 kwa matoleo yasiyo na plagi, na RTX 3050 ya GB 6 wati 70. Ile ya GB 8 yenye jina hilo hilo ni 130, na muuzaji akisema "3050 tu" mwambie ageuze boksi usome. Angalia pia mwongozo wa mashine yako, maana baadhi ya makasha membamba hayafikishi wati 75 kwenye sloti, yanaruhusu kadi za chini ya hapo tu.

Kama hesabu inakubali na bado inazima, tazama upande wa nje. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida haifikishi wati 400, na betri yake ikizeeka hushindwa ghafla mzigo unapopanda. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani kwa majaribio. Ikitulia, umempata mchawi. Ekstensheni yenye vifaa sita juu yake nayo ni mshukiwa.

Kuna jambo moja la mashine zilizotoka Marekani: baadhi ya pawasaplai zina kitufe chekundu cha kuchagua 115 au 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, kinachofuata ni mlio na moshi.

Kadi haiingii

Pima kabla ya kununua. Kasha jembamba linahitaji kadi fupi kwa kimo, yenye bati fupi la nyuma. Wauzaji wa kadi zilizotumika mara nyingi hutoa kadi fupi yenye bati refu, na bati fupi limepotea. Liulizie mapema. Katika baadhi ya makasha hayo sloti ndefu imekaa jirani kabisa na pawasaplai, kwa hiyo kadi nene inayochukua nafasi ya sloti mbili inagota. Kwenye kasha refu, shida huwa ni urefu: kadi inakutana na kizimba cha diski.

Na OptiPlex za kizazi cha 7010 na 9020 zina sloti mbili ndefu zinazofanana. Ya bluu ndiyo yenye njia zote 16 za kupitishia data. Nyeusi, pamoja na urefu wake, ina njia nne tu ndani. Kadi itafanya kazi humo, ila itachechemea.

Windows haiioni, au inaleta alama ya njano

Fungua orodha ya vifaa kwenye Windows. Kama kadi haipo kabisa hata kama kifaa kisichojulikana, rudi kwenye kukaa kwa kadi na BIOS. Kama ipo lakini kwa jina la jumla la Microsoft, ni draiva tu, programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Chukua draiva kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel, ukikumbuka ni mamia ya MB, kwa hiyo bando la siku halitoshi. Kama mashine iliwahi kuwa na kadi nyingine, safisha mabaki kwanza kwa programu ya kufutia draiva iitwayo DDU ukiwa kwenye hali salama ya Windows. Ondoa intaneti wakati huo, kwa sababu Windows ina haraka ya kuweka draiva yake kabla hujageuka.

Draiva ikigoma kujiweka, angalia umri wa chipu. Kepler, Fermi, Maxwell na Pascal ni majina ya vizazi vya chipu za NVIDIA. GT 710 na zile GT 730 za chipu ya Kepler zimebaki kwenye tawi la draiva la 470. GT 730 nyingine, kwa jina hilo hilo, zina chipu ya Fermi na draiva zake ziliishia kwenye tawi la 391. NVIDIA ilitangaza kwamba kadi za Maxwell na Pascal, GTX 1050 Ti ikiwemo, zitapata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, kisha marekebisho ya usalama peke yake hadi Oktoba 2028. Hizo bado zinafaa, ila usilipe bei ya kadi mpya.

Kosa namba 43 (Code 43), ambalo Windows huliandika kwenye orodha hiyo ya vifaa, lina hadithi yake. Linaweza kutokana na draiva iliyoharibika au kadi inayokufa. Lakini ukiweka draiva safi na likarudi, jiulize kama kadi ni ile inayosemwa. Soko limejaa kadi za zamani zilizoandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ndani yake ni chipu ya Fermi, kizazi cha GTS 450 au GTX 550 Ti. Windows inasoma jina la uongo, draiva halisi inajaribu kuiendesha, inashindwa. Au inakubali, na gemu ya kwanza inaganda.

Dalili ya kuiona dukani bila hata kuwasha ni tundu la VGA. GTX 1050 Ti ya kweli haina VGA. Ikiwa nalo, mwachie mwenyewe. Ukiwa na mashine karibu, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi: chipu inapaswa kusomeka GP107 na vitengo 768 vya kuchakata. Ukiona GF106 au GF116, umeshajua. Matoleo ya siku hizi ya GPU-Z huandika FAKE mbele ya jina moja kwa moja. Kwa anayenunua Kariakoo, jaribio hili lifanyike kabla ya kupanda basi au treni. Kuirudisha kadi kutoka Dodoma ni nauli nyingine na siku nyingine.

Inafanya kazi, lakini gemu linajivuta

Kwanza hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi. Zipo mashine ambazo hazizimi picha ya ndani, na mtu anacheza miezi kwa grafiki ya prosesa huku kadi imekaa bure.

Pili, RAM. Mashine nyingi za ofisini zina kijiti kimoja. Kuongeza cha pili kinacholingana huongeza GB na pia hufungua njia ya pili ya kupitishia data, na gemu hutulia zaidi ya ulivyotegemea. Diski ya kuzunguka ikibadilishwa kwa SSD, gemu hufunguka haraka na kukwama kwa kupakia hupungua.

Tatu, majina ya kadi yana ujanja. GT 1030 yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 husukuma data GB 48 kwa sekunde. GT 1030 ya DDR4 husukuma 16.8. Boksi linafanana. RX 6400 ina njia nne tu za data, hivyo kwenye madabodi yenye sloti za kizazi cha zamani cha PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu, na haina kisimbaji cha video ndani, ile sehemu inayobana video wakati wa kurekodi au kuitoa, kwa hiyo anayerekodi gemu au kutoa video za harusi asiichague. Kadi za Intel Arc zinahitaji Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ili zikimbie inavyopaswa, kitu ambacho OptiPlex ya 2013 haina.

Na prosesa? i5 ya kizazi cha tatu au cha nne ina nyuzi nne (threads), yaani hushika kazi nne kwa pamoja. Gemu mpya zikiigonga asilimia 100 huku kadi iko 50, kadi kubwa zaidi haitakusaidia kitu.

Feni inapiga kelele, kisha picha inakatakata

Vumbi, kwa sehemu kubwa. Anayekaa Nzuguni au Ipagala kandokando ya barabara isiyo na lami anajua meza ikifutwa asubuhi inavyokuwa jioni, na kasha linalovuta hewa kutoka sakafuni linavuta lile lile. Lipandishe mezani, lisiegemezwe ukutani, lisifungiwe kwenye kabati la meza. Joto la kadi kati ya nyuzi joto 65 na 80 likiwa kazini ni la kawaida. Likikaribia 85 na kasi ikashuka, safisha. Tumia blowa ukiwa nje, na ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana yakizungushwa kwa kasi feni inaweza kuharibika. Kadi iliyotumika miaka mingi huhitaji pia pesti mpya chini ya kipoza joto.

Mistari ya rangi au vidoti vinavyoonekana hata kabla Windows haijawaka ni habari mbaya: kumbukumbu ya kadi yenyewe inakufa. Hapo jaribu kadi hiyo kwenye mashine ya rafiki yenye pawasaplai ya wati 450 au zaidi. Ikionyesha mistari ileile, ipige picha pamoja na dirisha la GPU-Z, chukua risiti, uirudishe dukani kabla muda wa udhamini haujaisha.